Mto Ruvu na Mji Unaokunywa Maji Yake

Mtu wa Dar es Salaam afunguapo bomba asubuhi, haufikiri mlima. Huyaona maji yakitoka ukutani, huyakinga, hufunga bomba, huenda zake. Walakini maji hayo hayakuzaliwa ukutani. Mengi yake yametoka milima ya Uluguru, upande wa magharibi, mwendo wa kilometa mia mbili hivi. Yameshuka mabonde ya Waluguru, yamepita nyika za Wakutu na za Wakwere, hata yamefika penye mitambo ya kuyasafisha. Ndipo yakaingia bombani. Basi mkulima ashikaye jembe ubavuni mwa mlima, na mama akingaye maji mjini, wamefungwa kamba moja, nao hawajuani.

Katika makala haya nataka kueleza habari za kamba hiyo tangu zamani, na kuuliza swali moja: Hatari ya mto hupimwaje, na ni nani apasaye kuulizwa inapopimwa? Swali hili si la wataalamu peke yao. Watu walikwisha kugombana kwa ajili yake, na mtu alikwisha kufa.

Kwanza, tujue bonde la mto ni nini. Watu wengi wakisikia neno hili hufikiri ule mfereji maji yapitamo pamoja na kingo zake mbili. Sivyo. Bonde la mto ni nchi yote ambayo mvua yake huishia katika mto mmoja. Tazama nyumba yako wakati wa mvua: maji ya paa zima hukusanyika katika mchirizi mmoja, nawe umeweka mtungi chini yake. Mto ni mchirizi, na nchi yote ni paa. Paa likichakaa, hata ukiosha mtungi kila siku, maji yatakuwa machafu. Na paa likiwa na matundu, mtungi hautajaa.

Paa la mto Ruvu ni milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu chapita meta 2,600. Upepo utokao baharini huja na mvuke, hugonga milima hiyo, nao hugeuka mvua. Huko ndiko yanakoanzia maji ya Mvuha, na ya Mgeta, na ya Ngerengere upitao karibu na mji wa Morogoro. Yote huingia Ruvu, na Ruvu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Msitu wa juu mlimani hufanya kazi ya sifongo: hunywa mvua ya masika, kisha huiachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo mto haukauki hata miezi isiyo na mvua.

Sasa tutazame mji. Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Akafa mwaka 1870, kazi yake haijaisha. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, na reli iliyotoka mjini humo ikafika Morogoro mwaka 1907. Siku zile watu wa mjini walikunywa maji ya visima, na mlima wa Uluguru haukuwa na deni kwao wala wao hawakuwa na deni kwa mlima.

Lakini mji ulikua. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha watu 128,742. Visima na vijito vya karibu havikutosha tena, na mwaka 1959 ukajengwa mtambo wa Ruvu Juu, uliovuta maji ya mto na kuyapeleka mjini. Hesabu ya mwaka 1967 ikawa watu 272,821. Katika miaka ya 1970 mtambo wa pili, wa Ruvu Chini, ukajengwa upande wa Bagamoyo. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mitambo ile ikapanuliwa: wa Ruvu Chini uweze kutoa lita milioni 270 kwa siku, na wa Ruvu Juu lita milioni 196. Fikiri, ndugu msomaji: katika miaka sitini na mitano wanywaji wameongezeka zaidi ya mara arobaini. Mto ni ule ule. Mlima ni ule ule.

Je, mlima wenyewe ulikuwaje wakati huo? Tangu zamani ardhi ya Uluguru ilikuwa mali ya koo, nayo ilirithiwa upande wa mama. Wakubwa wa koo waliwagawia watu mashamba, na palikuwa na mahali pasipolimwa, kwa heshima ya mizimu au kwa ajili ya chemchemi. Wajerumani wakaweka mipaka ya msitu wa Serikali juu mlimani mwaka 1909. Hivyo msitu ukalindwa, lakini nafasi ya kulima ikawa ndogo, na watu wakazidi kuzaliwa. Shamba lililozoea kupumzishwa miaka mingi likapumzishwa michache, kisha pengine halikupumzishwa kabisa. Udongo ukaanza kushuka, na maji ya mito yakawa mekundu wakati wa masika.

Waingereza walipotawala Tanganyika waliona jambo hili wakaogopa, nao hawakukosea kuogopa. Mwaka 1950 hivi wakaanza mpango mkubwa wa kuokoa ardhi ya Uluguru. Watu wakaamriwa wachimbe matuta ya ngazi mashambani mwao, wasichome moto, wasilime kingo za mito. Siku za kazi zikahesabiwa, na asiyechimba akatozwa faini. Machoni pa maofisa mpango ulikuwa mzuri: maji yatatulia katika kila ngazi, na udongo hautashuka tena.

Walakini wenye mashamba waliona lisiloonekana katika ramani. Mahali pengi udongo mwema wa Uluguru ni tabaka jembamba juu ya udongo hafifu. Mtu akikata ngazi pana ubavuni mwa mlima, udongo mweusi hufukiwa chini, na ule usiozaa huja juu. Zaidi ya hayo, maji yakituama katika ngazi penye mteremko mkali, mlima huwa mzito, na pengine huteleza wote pamoja na ngazi zake. Waluguru wa upande wa Mgeta walikuwa wakilima mboga zao kwa matuta madogo ya desturi yao wenyewe, wakayapenda, maana yalifaa mahali pale. Hawakukataa matuta kwa kuwa ni matuta. Walikataa amri moja kwa kila shamba, kazi nyingi isiyoleta chakula, nao waliogopa kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa ardhi.

Mwaka 1955 manung'uniko yakawa fujo. Huko Matombo watu wengi walikusanyika, mawe yakatupwa, polisi wakapiga bunduki, na mtu mmoja akafa. Baada ya hayo amri ya matuta ikaachwa. Na kwa kuwa watu walilichukia neno lenyewe, hata yale mema yaliyokuwamo katika mpango yalitupwa pamoja na mabaya.

Hapa tusimame kidogo tuulize: Nani alikosea? Wengine husema, Waluguru hawakuelewa. Wengine husema, Serikali ilikuwa ya wageni, na kila neno lake lilikuwa ovu. Mimi naona yote mawili hayatoshi. Hatari ilikuwa ya kweli. Udongo ulikuwa ukishuka. Kosa lilikuwa katika kipimo. Walipima mlima mzima kwa mizani moja, wala hawakuwauliza wale waliojua uzito wa kila shamba.

Miaka kumi na mitano baadaye mlima wenyewe ulitoa ushahidi. Mwezi wa Februari mwaka 1970, katika nchi ya Mgeta, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi. Mlima ukaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Wataalamu wawili, Paul Temple na Anders Rapp, wakayachungua maporomoko hayo na kuyahesabu, kila moja na mahali lilipoanzia, nao wakatoa habari zake mwaka 1972. Wakaona kwamba karibu yote yalianzia penye mashamba na penye majani. Yaliyoanzia penye msitu hayakufika moja katika mia.

Angalia vizuri jambo hili. Mtu angaliweza kudhani kwamba majani yatosha kuulinda mlima, kwa kuwa hufunika udongo usipigwe na matone. Ni kweli majani huzuia udongo kuchukuliwa juu juu. Lakini mlima mzima ukilowa maji, mizizi mifupi ya majani haiwezi kuushika. Mizizi mirefu ya miti ndiyo ishikayo. Basi hatari ni za namna mbili, nayo dawa ya moja si dawa ya nyingine. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto ile ya kwanza kwa urahisi. Chukua mabati mawili. Katika moja weka udongo mtupu, katika jingine udongo wenye majani yaliyoota. Yainamishe yote mawili sawasawa, kisha mwagia maji kwa kopo lenye matundu. La kwanza litatoa maji mekundu upesi. La pili litatoa maji meupe polepole. Watoto hawatasahau.

Siku hizi wako wataalamu wafanyao kazi ya kupima hatari ya mabonde ya mito yaliyo karibu na miji inayokua. Njia yao si ngumu kuielewa. Kwanza huigawanya nchi kwa namna zake: msitu, shamba, majani, nyumba, maji, ardhi tupu. Pili huuliza, kila namna ni dhaifu kiasi gani, yaani yaharibika upesi au kwa shida? Tatu huuliza, imekatwakatwa kiasi gani? Maana msitu mmoja mkubwa si sawa na visitu ishirini vilivyotawanyika, ijapokuwa eneo ni moja. Nne hukadiria uzito wa kila namna, wakazidisha kwa eneo lake, wakajumlisha. Kisha hufanya hesabu ile ile kwa miaka mbalimbali, wakitumia picha za nchi zilizopigwa kutoka angani. Vyombo vya Landsat vya Marekani vimepiga picha hizo tangu mwaka 1972.

Nitoe mfano wa darasani. Tuseme upande mmoja wa bonde una sehemu kumi: sita ni msitu, tatu ni mashamba, moja ni ardhi tupu. Tuseme uzito wa hatari ya msitu ni 1, wa shamba ni 3, na wa ardhi tupu ni 5. Basi msitu wapata 6, mashamba 9, ardhi tupu 5. Jumla ni 20. Baada ya miaka ishirini msitu umebaki sehemu tatu, mashamba yamekuwa tano, ardhi tupu mbili. Msitu wapata 3, mashamba 15, ardhi tupu 10. Jumla ni 28. Apitaye barabarani atasema, "Mbona msitu ungalipo?" Hesabu itamjibu kwamba hatari imepanda kutoka 20 hata 28. Hii ndiyo faida ya hesabu: huonyesha badiliko ambalo jicho lililozoea halilioni.

Lakini nani aliyesema shamba lina uzito wa 3? Hapo ndipo penye neno. Namba hiyo haikuota mlimani, mtu ameiweka. Shamba la mahindi lililochomwa moto, lililolimwa kutoka juu kwenda chini penye mteremko mkali, huenda lastahili 5. Shamba la migomba na miti ya matunda, lenye matuta yafaayo na majani makavu yaliyotandazwa, huenda lastahili 2. Katika picha ya angani yote mawili yaweza kuitwa "shamba". Na kipande kidogo kilicholimwa juu ya chemchemi chaweza kuleta hasara kuliko shamba kubwa uwandani. Mwenye kuijua tofauti hiyo ni yule ashikaye jembe. Mpimaji asipomwuliza, atarudia kosa la mwaka 1950, ijapokuwa vyombo vyake ni vipya.

Tena liko kosa la pili, nalo ni kuupima mlima na kuusahau mji. Watu wa mjini hupenda kusema, "Wakulima wa juu wanaharibu maji yetu." Je, mkaa uliopika chakula cha mjini umetoka wapi? Si katika miti ya mikoa ya Morogoro na Pwani? Mboga ziuzwazo sokoni zimelimwa wapi? Nyingi katika miteremko ya Mgeta. Mji huomba maji safi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hununua mkaa wa miti iliyokuwa ikiyalinda maji hayo. Basi mtu akipima hatari ya Ruvu, auandike mji pia katika hesabu yake. Mji si mgonjwa tu, bali ni sehemu ya ugonjwa.

Jambo hili lilikumbukwa kwa sehemu katika karne hii. Tangu mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza mpango katika vijiji vya Kibungo Juu, upande wa Uluguru unaoleta maji Ruvu. Wakulima hawakuamriwa, waliombwa, wakafanya mapatano. Waliokubali walichimba matuta yanayofaa mashamba yao, wakapanda miti, wakapumzisha mahali palipochoka. Nayo kampuni iliyouza maji Dar es Salaam, pamoja na kiwanda cha soda cha mji huo, wakatoa fedha za kuwalipa kwa kazi hiyo. Fedha haikuwa nyingi, wala mpango haukuenea mlima wote. Lakini tazama jinsi mambo yalivyogeuka: katika miaka ya 1950 mkulima alitozwa faini kwa kutochimba, na sasa mnywaji alimlipa mkulima kwa kuchimba. Kazi ni ile ile ya jembe. Kilichobadilika ni heshima. Mwaka 2008 nayo Serikali iliunganisha misitu ya Uluguru ikawa hifadhi moja ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hektari 24,000.

Hata hivyo mto uliendelea kutuonya. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ukapungua sana, na watu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Mwaka huo huo mkataba ukatiwa sahihi wa kujenga bwawa la Kidunda katika mto huo, litakaloweza kuhifadhi maji meta za ujazo milioni 190. Bwawa ni jambo jema, maana huweka akiba ya masika kwa ajili ya kiangazi. Lakini bwawa ni mtungi, si paa. Udongo wa mlimani ukizidi kushuka, utatua chini ya bwawa, na kila mwaka nafasi ya maji itapungua. Atakaye bwawa lake lidumu, na aanze kulitunza katika shamba lililo juu kabisa.

Sasa mtu atauliza, "Haya yote yatuhusu nini sisi wa vijijini, tusio na picha za angani?" Yatuhusu sana. Kila kijiji kina kijito, na kila kijito kina paa lake. Wazee na vijana waweza kutembea pamoja siku moja, kutoka chemchemi hata kivukoni, wakiandika katika daftari: hapa pana miti, hapa pamelimwa, hapa pamebomoka. Wazee waseme palivyokuwa walipokuwa watoto. Mwaka ujao watembee tena, walinganishe. Wapime pia meta 60 kutoka ukingo wa mto, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza ndani ya mpaka huo kazi za kudumu zinazoweza kuuharibu ukingo. Daftari hilo litakuwa na nguvu. Mpimaji wa mjini akija na ramani yake, hatawakuta watu wasio na la kusema, atakuta hesabu iliyokwisha kuanzwa, na watu wawezao kumwambia, "Hapa umeandika 3, lakini sisi twajua ni 5, na pale umeandika 5, lakini twapalinda, ni 2."

Mtu wa Matombo aliyekufa mwaka 1955 hakufa kwa kuuchukia mto. Waluguru waliupenda mto wao kuliko sisi tuliokuja kuunywa baadaye. Alikufa kwa sababu wapimaji na wapimwaji hawakuketi baraza moja. Mji wa leo ni mkubwa kuliko ule wa siku zile zaidi ya mara arobaini, na kiu yake vivyo hivyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Ruvu uko mlimani na uko mjini pia. Basi na wauzibe watu wa pande zote mbili, wakianza kwa kuulizana habari.